UZI: Saa za kazi ni za nani? Wazazi, wasio na watoto, na deni la zamani la Kitale

1/ Kila siasa ikipamba moto, kuna hili swali linaibuka kwenye vipindi vya redio asubuhi na huku mitandaoni: je, wafanyakazi wenye watoto wapewe ratiba ya kunyumbulika? Yaani waingie kazini wakichelewa kidogo, watoke mapema, waruke zamu za usiku, wafanyie kazi nyumbani. Na wale wasio na watoto je? Wabaki wakiziba pengo?

Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Nitaeleza suala lenyewe lilikotoka. Shika chai.

2/ Kwanza tusikie pande zote mbili kwa heshima.

Upande wa kwanza unasema: mtoto si mradi wa mtu binafsi. Huyu mtoto unayelalamika kwamba mamake ametoka saa kumi ndiye kesho atakuwa daktari wako, dereva wako, mlipa kodi wako. Kwa hivyo jamii nzima ibebe.

Upande wa pili unasema: sawa, lakini mbona "jamii nzima" kila mara inageuka kuwa mimi peke yangu? Mimi ndiye naingia Krismasi, mimi ndiye nafunga duka saa nne usiku, na mwisho wa mwezi tunapokea mshahara uleule.

Ukisikiliza vizuri, hakuna anayesema uongo hapo.

3/ Tatizo ni kwamba mjadala unaanzia leo, kana kwamba saa mbili mpaka saa kumi na moja ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Ratiba ya kazi Kenya ilitengenezwa na watu, kwa sababu zao. Na kwetu huku Trans Nzoia alama zake bado ziko wazi. Mimi ni mtu wa Tuwan, hapa Kitale, na upande wa nyanya yangu ni Bungoma, kwa hivyo nitaanzia nyumbani.

4/ Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iligawia walowezi wa Kizungu mashamba mengi, wakiwemo waliokuwa wanajeshi. Trans Nzoia ikawa moja ya sehemu walizoshika. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mashamba makubwa ya mahindi na kahawa yalitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilitoka kwa majirani: Wabukusu, Wasabaot, Wateso, Waturkana na wengine.

Wanaume walibeba kipande, ile kadi ya kitambulisho iliyotiwa kwenye kijisanduku cha chuma na kuvaliwa shingoni. Sheria yake ilikuwa ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita.

5/ Sasa sikia hii, maana wengi hawaijui. Ratiba ya kunyumbulika ilikuwepo Kenya wakati wa ukoloni! Iliitwa kazi ya tikiti. Kibarua alipewa tikiti ya siku 30 za kazi, na alikuwa na siku 42 za kuzimaliza. Ukiwa na shughuli nyumbani, huendi leo, unaenda kesho. Ukiiangalia kwa haraka unasema, kumbe wakoloni walijali familia!

Ngoja kidogo. Siku ambayo hukufanya kazi haikuhesabiwa na haikulipwa. Na mshahara wa tikiti uliupata ukishamaliza zile siku 30. Mapumziko yalikuwa yako, na gharama pia ilikuwa yako. Weka hilo akilini, tutalirudia.

6/ Kulikuwa pia na maskwota, waliokaa ndani ya shamba la mlowezi na familia zao. Sheria ya 1918 ilidai siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Sheria ya 1937 iliruhusu idadi hiyo kupandishwa hadi 240, hata 270. Huyo ni mtu anayeishi na mkewe na watoto wake pale pale kazini, wanaona uso kwa uso kila siku. Lakini kadiri siku za mlowezi zilivyoongezeka, ndivyo siku za kulima chakula chao zilivyopungua. Na msimu wa mavuno mke na watoto nao waliitwa shambani.

Kwa hivyo "kuwa karibu na familia" pekee hakutoshi. Lazima uulize saa zinazobaki ni za nani.

7/ Mjini hali ilikuwa nyingine. Mshahara wa chini uliowekwa miaka ya 1940 ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto: chakula chake, nguo zake, kuni, sabuni, mahali pa kulala. Huo ndio ulioitwa mshahara wa kapera.

Sasa yule mwanamume halisi hakuwa kapera. Alikuwa na mke na watoto huko Kimilili, Chwele, Sirisia. Waliishi kwa nini? Kwa jembe la mama. Shamba la mke ndilo lililokuwa nyongeza ya mshahara wa mume, ila hiyo nyongeza mwajiri hakuilipa.

8/ Hapa ndipo ratiba tunayoijua ilipozaliwa. Mfanyakazi kamili, machoni pa mwajiri, ni mtu anayeamka, anakuja, anakaa saa zote, hana mtoto wa kupeleka kliniki. Mtoto yupo, lakini yuko mbali, na kuna mwanamke anayemlea bila malipo. Ofisi, kiwanda na shule vyote vilirithi picha hiyo. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, ile picha ikabaki ukutani.

9/ Wafanyakazi hawakunyamaza. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa mgomo mkuu, bandarini na kwenye reli, na mishahara na gharama ya maisha vilikuwa katikati ya madai. Shinikizo liliendelea, Nairobi nayo ikawaka, na mwaka 1954 kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, maarufu kama Kamati ya Carpenter, ikatoa ripoti yake.

Kamati ilikiri wazi kwamba mshahara wa kapera hauwezi kulea familia. Ikapendekeza kwamba ndani ya miaka kumi mshahara wa chini wa mtu mzima ufike mara mbili na nusu ya ule wa kapera.

10/ Sasa jiulize kama mwajiri wa 1954. Ukiambiwa umlipe mwenye mke na watoto zaidi ya kapera, utaajiri nani? Si utamchukua kapera!

Mgawanyo uliofuata haukuwa wa cheti cha ndoa, ulikuwa wa umri: mtu mzima wa miaka 21 na zaidi awe na kima chake, kijana awe na chake. Serikali haikuchukua mapendekezo yote ya kamati, na pesa zenyewe zilibaki kidogo. Lakini mimi naona kuna somo kubwa pale. Ukifunga haki kwenye hali ya uzazi ya mtu mmoja mmoja, unampa mwajiri sababu ya kumkwepa. Ukiiweka kwa watu wazima wote, hakuna wa kukwepwa. Hili tutaliona tena London, miaka 60 baadaye.

11/ Tuje kwa wanawake, maana hadi hapa tumeongea kama wao walikuwa shambani tu. Walipoingia kwenye ajira za mshahara kwa wingi baada ya uhuru, walikuta mlango umepimwa kwa bega la mwanamume. Kwa miaka mingi mwalimu wa kike aliyeolewa hakupewa marupurupu ya nyumba kama mwenzake wa kiume. Hoja ilikuwa ati ana mume, na mume ana nyumba. Darasa lile lile, chaki ile ile.

12/ Kisha ikaja Sheria ya Ajira ya 1976. Ilimpa mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Hatua nzuri. Ila ilikuwa na mkia: ukichukua likizo ya uzazi, unapoteza likizo yako ya mwaka huo.

Yaani sheria ilichukulia kuzaa kama kupumzika. Ulishapumzika leba, Kenya inakuuliza, unataka mapumziko mengine ya nini? Gharama ya mtoto ilirudi mfukoni mwa mama.

13/ Sheria hiyo hiyo ya 1976 ilikuwa na kinga nyingine. Ilizuia wanawake kufanya kazi za viwandani usiku, kati ya saa kumi na mbili unusu jioni na saa kumi na mbili unusu asubuhi, ukiacha misamaha fulani.

Fikiria sasa kiwanda ambacho mashine haizimwi, kama cha karatasi Webuye enzi zake au cha sukari kule Nzoia. Wewe ni msimamizi, unahitaji watu wa zamu tatu. Kuna mtu sheria inakwambia huwezi kumuweka usiku. Utamwajiri? Kinga iliyoandikwa kumlinda mama ilimfanya awe mgumu kuajiriwa. Na wanaume wote, wenye watoto na wasio nao, wakabeba usiku. Hakuna aliyefurahi.

14/ Sheria ya Ajira ya 2007 ilibadilisha mengi. Likizo ya uzazi ikawa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Likizo ya mwaka haipotei tena. Baba akapata wiki mbili, naye kwa mshahara kamili. Mama akirudi, arudishwe kazi yake au kazi inayomfaa isiyo na masharti mabaya zaidi. Ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu. Ile marufuku ya usiku kwa wanawake ikaondoka. Mwaka 2021 sheria ikarekebishwa, na anayelea mtoto wa kuasili akapata likizo ya mwezi mmoja.

Waajiri walilalamika kuhusu gharama. Na hapa tuwe wakweli, kuna sehemu wana hoja. Nitaifikia.

15/ Katiba ya 2010 ikaongeza nguzo. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na imetaja ujauzito na hali ya ndoa. Ibara ya 53 inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba kwa wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kwa hivyo yule bosi anayesema "watoto ni maneno ya mama" anapingana na Katiba.

Lakini soma pia Ibara ya 57. Inasema wazee wana haki ya kutunzwa na familia zao na Serikali. Hii watu wa mjadala huwa hawaikumbuki. Katiba haikusema familia ni watoto peke yao.

16/ Sheria ya Afya ya 2017 ikafika mpaka mahali pa kazi: mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha, na mama anayenyonyesha apewe mapumziko ya ziada yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2019, mbunge mmoja aliingia kwenye ukumbi wa Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Akaamriwa atoke. Mnakumbuka kelele za siku hiyo. Wengine walisema amevunja kanuni, wengine wakasema kanuni ndizo zimemvunja yeye. Mimi nilichoona ni hiki: kama aliye na mshahara wa mbunge anakosa pa kumwacha mtoto siku moja, yule muuza duka wa Kitale ana nini?

17/ Halafu 2020. Machi serikali ikataka waajiri waruhusu watu kufanyia kazi nyumbani, ukiacha huduma muhimu. Siku hizo hizo shule zikafungwa. Madarasa machache yalirudi Oktoba, wengine wote Januari 2021. Kafyu nayo ikaanza mwisho wa Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Kwa mara ya kwanza wengi waliona kwamba kazi kadhaa za ofisini zinaweza kufanyika nje ya saa za ofisi. Tena waliona kwamba kufanyia kazi nyumbani na watoto watatu mezani si likizo. Na wale ambao kazi yao haiendi nyumbani, wauguzi, madereva, wauza duka, walijifunza kwamba kunyumbulika ni mali ya wachache.

18/ Sasa niseme yangu, ili msidhani naongea kutoka mawinguni. Mimi sina mtoto. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye biashara moja mjini, jina naliacha. Kila Desemba ratiba ikibandikwa, tarehe 24, 25 na 26 ni mimi. Nikiuliza, msimamizi anajibu, "Wewe huna watoto, shida yako nini?"

Shida yangu ilikuwa kukhu, nyanya yangu, upande wa Chwele. Alikuwa na sukari, na ni mimi niliyekuwa nampeleka kliniki. Mtoto wa mwenzangu akiumwa, hiyo ilikuwa sababu. Kukhu akiumwa, hiyo ilikuwa "mambo ya nyumbani".

19/ Tulikuwa na mwenzetu, tumwite Mama Junior. Kwa muda mrefu nilimkasirikia. Kila Jumamosi jioni: "Nishikie shifti, tafadhali." Siku moja tukala chakula cha mchana pamoja, akanionyesha payslipu yake. Kila alipotoka mapema kumpeleka mtoto chanjo, alikatwa. Mimi niliyeshika shifti yake sikuongezewa hata shilingi.

Hebu piga hesabu. Yeye amekatwa, mimi sijalipwa. Hizo pesa zilienda wapi? Duka la watu saba lilikuwa linaendeshwa na watu wanne. Sisi wawili tulikuwa tunanuniana, na mwenye ratiba alikuwa amenyamaza tu.

20/ Pale ndipo nilipokumbuka tikiti ya siku 30. Mkulima wa 1930 alimwachia kibarua siku zake za kupumzika, kisha akaacha familia ilipe. Mwajiri wa mshahara wa kapera aliliachia jembe la mama kule Bungoma lilipe. Sheria ya 1976 iliacha likizo ya mwaka ya mama ilipe. Na leo, pale ambapo mzazi anaruhusiwa kutoka mapema bila kuongeza mtu, anayelipa ni mwenzake aliyebaki.

Malezi yana gharama siku zote. Historia yetu ya kazi ni historia ya kuisukuma hiyo gharama kwa aliye karibu na asiye na sauti.

21/ Wenzetu wamejaribu nini? Uingereza, kuanzia Aprili 2003, ilimpa mzazi wa mtoto wa chini ya miaka 6, au wa mtoto mwenye ulemavu wa chini ya miaka 18, haki ya kuomba ratiba ya kunyumbulika. Sikia neno: kuomba. Mwajiri lazima alifikirie ombi, na anaweza kukataa kwa sababu za kibiashara zilizotajwa na sheria.

Manung'uniko yakaanza, yale yale ya kwetu. Walifanya nini? Hawakuwanyang'anya wazazi. 2007 wakaongeza wanaotunza watu wazima. 2009 wakapandisha umri wa mtoto hadi chini ya miaka 17. Juni 2014 wakafungua kwa wafanyakazi wote waliokaa kazini wiki 26, na tangu Aprili 2024 unaweza kuomba kuanzia siku ya kwanza. Hakuna anayekuuliza kama una mtoto, na hakuna wa kumwonea kijicho mzazi.

22/ Marekani ilikuwa na ugomvi wake. Sheria yao ya 1993 inatoa hadi wiki 12 za likizo bila mshahara, kwa mtoto, na pia kwa mke, mume au mzazi mgonjwa. Lakini makampuni mengi yaliweka mafao ya watu wenye watoto tu. Mwaka 2000 mwandishi Elinor Burkett akatoa kitabu, The Baby Boon, akidai kwamba sera hizo zinawapunja wasio na watoto. Kilizua kelele. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ati haya ni malalamiko ya vijana wavivu wa Kenya, mwambie mjadala una umri.

23/ Na jirani zetu? Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 kwa mapacha au zaidi. Inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Baba anapata siku chache kuliko wa kwetu, angalau 3. Ila wana kitu ambacho sisi hatuna kwenye sheria yetu ya ajira: likizo ya angalau siku 4 yenye malipo mtoto akiugua au akifa, au ukifiwa na mke, mume, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Kukhu yumo, ingawa ni kwa kifo tu.

Na mfuko wao wa hifadhi ya jamii, NSSF, una fao la uzazi kwa mwanachama.

24/ Hapo ndipo hoja ya waajiri wa Kenya inapata miguu. Kwetu mshahara wa likizo ya uzazi unatoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe. Makato ya afya ya asilimia 2.75 ni ya matibabu, hayamrudishii mwajiri mshahara wa mtu aliye likizo. Benki kubwa itastahimili. Mwenye agrovet na wafanyakazi watatu pale Kitale akipoteza mmoja kwa miezi mitatu, analipa wawili kwa kazi ya mmoja, au anawachosha waliobaki. Halafu tunashangaa kwa nini kwenye usaili msichana anaulizwa, "Una mpango wa kuolewa?"

Swali hilo ni lile lile la 1954: nani ni nafuu kumwajiri?

25/ Kuna kundi lingine ambalo mjadala wote huu unalipita kama matatu iliyojaa. Takwimu za KNBS zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi nje ya kilimo cha familia ziko jua kali. Mama mboga wa Tuwan ana "ratiba yake mwenyewe". Anafungua anapotaka, mtoto analala kwenye gunia kando ya sukuma. Asipofungua, hali. Ni tikiti ya siku 30 bila hata ile tikiti.

Na yule dada wa kazi anayekaa na watoto wa wafanyakazi wa ofisi? Mzazi akipewa kutoka saa kumi, yeye anapumzika mapema? Akiitwa kwenye mkutano wa jioni, nani anaongezewa saa? Mara nyingi dada mwenyewe ana mtoto, ameachwa kwa nyanya yake kule Bungoma. Ule mpango wa mshahara wa kapera bado unaishi, safari hii ndani ya nyumba zetu.

26/ Basi msimamo wangu ni upi? Naweka wazi, mnaweza kunipinga.

Moja, haki ya kuomba ratiba ya kunyumbulika iwe ya kila mfanyakazi, na mwajiri ajibu kwa maandishi na sababu. Sheria yetu ya 2007 haina kifungu kama hicho.

Mbili, kuna mambo yabaki ya mama peke yake, kama kupona baada ya kujifungua na kunyonyesha. Hapo usawa hauna maana ya kila mtu kupata kitu kimoja. Mimi siwezi kudai saa ya kunyonyesha kwa sababu sinyonyeshi.

27/ Tatu, zamu ambazo hakuna anayezitaka, usiku, Jumapili na sikukuu, zigawanywe kwa mzunguko unaojulikana, au zilipwe vizuri mpaka zipate wanaozitaka. Kanuni za jumla za mishahara tayari zinasema kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu ilipwe mara mbili. Ni biashara ngapi mjini kwetu zinafuata? Jibuni wenyewe.

Nne, mshahara wa likizo ya uzazi utoke kwenye mfuko wa pamoja unaochangiwa kwa kila mfanyakazi, mwanamume kwa mwanamke, ili mwajiri mdogo asiwe na sababu ya kumwogopa msichana wa miaka 26.

28/ Najua kuna watakaosema, "Sasa unataka tukatwe tena? Payslipu imebaki mifupa." Nawaelewa, na si hoja ndogo. Lakini mnakatwa tayari. Mwenye mtoto anakatwa siku aliyoenda kliniki. Asiye na mtoto anakatwa Desemba yake. Mama mboga anakatwa siku nzima. Tofauti ni kwamba makato hayo hayaandikwi popote, kwa hivyo hakuna wa kuyahoji.

Wengine watasema wanaoomba ratiba ya kunyumbulika watalala tu. Huyo mpime kwa kazi yake. Mtu anayelala ofisini kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja nasi tunamfahamu.

29/ Kwa hivyo mgombea yeyote akija kwenu na ahadi ya "kazi rafiki kwa familia", kabla ya kumpigia makofi muulizeni haya:

Nani atalipia saa anazoondoka mzazi: mwajiri, mfuko wa pamoja, au mwenzake?

Anayemtunza nyanya yake yumo ndani ya hiyo "familia"?

Kibarua wa shamba la mahindi ya mbegu huku Trans Nzoia, anayelipwa kwa siku, atapata nini?

Na dada wa kazi?

Akijibu yote manne, ana mpango. Akijibu la kwanza kwa kukohoa, mpeni maji.

30/ Mama Junior bado tunawasiliana. Aliacha ile kazi, sasa anauza mitumba, na Junior yuko darasa la tano. Kukhu tulimzika mwaka juzi. Niliomba siku tatu, nikapewa moja, na hiyo moja alinishikia shifti mwenzetu mwenye watoto wanne. Hakudai chochote.

Watu wa chini tayari wanajua kushikiana zamu. Kilichobaki ni sheria ijifunze kutoka kwao nani wa kumtumia bili.

Mwisho wa uzi. Kama umewahi kuambiwa "wewe huna watoto", au umewahi kukatwa kwa sababu unao, andika hapo chini ilikuwaje. Matusi hapana. Mulembe.